Vita vya Sinai katika Nyumba Mbili za Woodley

Mwaka wa sabini na tatu, mtaani Woodley, palikuwa na televisheni moja yenye baba wawili.

Baba wa kwanza ni Abdalla Athman, karani wa kampuni ya kuondosha mizigo huko mjini, mtu wa Mombasa, Kibokoni, aliyekuja Nairobi kukaa miaka miwili na huu sasa ulikuwa wa kumi na moja. Mfupi, mnene kiasi, msemaji. Nasema msemaji kwa kumstahi; mkewe Khamisa alikuwa na neno jingine. Baba wa pili ni Jamleck Wahome, mtu wa Kinoo, mrefu hana nyama, aliyeajiriwa na jiji kusoma mita za maji kule Karen, ambako hakuna mbwa asiyemjua na hakuna suruali yake isiyo na kiraka. Alikuwa mzee wa kanisa na mwandishi wa vikao vya kanisa, kwa sababu ya mwandiko wake. Mwandiko huo ulisifiwa mtaa mzima: umelala upande mmoja, herufi kubwa zina mikia, ukiuona unaona aibu kushika kalamu tena.

Nyumba zao zilipakana, katikati ua wa michongoma wenye upenyo mmoja. Televisheni waliinunua kwa kuchangia nusu kwa nusu, na Jamleck akaandika mkataba nakala mbili, kila mtu akaitia yake kwenye fremu na kuitundika sebuleni. Wiki moja kwako, wiki moja kwangu. Kila Jumapili saa kumi, wenyewe wawili waibebe kupitia upenyoni, wala asiguse mtu mwingine. Mwenye zamu asimzuie mwenziwe kuja kutazama. Ikileta mchele, yaani zile punje nyeupe zinazojaa kwenye kioo picha ikipotea, marufuku kuipiga makofi. Mwaka mzima wakaishi hivyo, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana.

Oktoba ile, katikati ya Ramadhani, vita vikazuka kule Sinai baina ya Waarabu na Waisraeli. Loo! Woodley ikapata uhai. Lazima mwelewe jambo moja. Siasa za hapa nyumbani wakati ule zilizungumzwa kwa sauti ya mgonjwa, tena baada ya kufunga dirisha na kuuliza huyu mgeni wenu anafanya kazi wapi. Nani kagawiwa shamba gani, nani kaitwa ofisi gani akatoka bila cheo chake, hayo watu waliyasema kwa nyusi. Sasa linakuja jambo la Sinai, ambako hakuna mbunge wetu wala shemeji wa waziri, na mtu anaweza kupayuka mpaka akasikika Ngong Road bila kumkosea mkubwa yeyote! Wanaume waliokuwa wamenyamaza kwa miaka walipata koo. Mtu asiyemjua hata diwani wake aliwajua majenerali wa Misri mmoja mmoja, kwa jina na kwa tabia.

Abdalla alikuwa Misri. Jamleck alikuwa Israeli, kwa sababu habari zao alizisoma tangu utotoni kanisani, na kwa maoni yake Yoshua na Daudi walikuwa bado kazini.

Wiki vita vilipoanza, zamu ilikuwa ya Jamleck. Kila jioni Abdalla alifuturu mbio mbio, tende ingali mdomoni, akapita upenyoni kwenda kutazama taarifa ya habari. Alimkuta jirani yao Makau, mtu wa posta, keshakaa kwenye kochi, na Wanjugu, mke wa Jamleck, akimimina chai. Vita vyenyewe vilipewa dakika mbili, kisha yakafuata maonyesho ya ng'ombe dakika kumi. Na filamu zilikuja kwa ndege, basi kifaru kilekile kilipanda mchanga uleule Jumatatu, na Jumanne kikaupanda tena.

"Hiyo ni yetu," alisema Jamleck. "Unaona vile inapanda? Hiyo ni Israeli kabisa."

"Yenu ya wapi! Dereva yule Mmisri. Tazama anavyokata kona."

"Wewe umeona dereva? Si ako ndani ya chuma?"

"Namjua kwa kona."

Picha yenyewe nyeusi na nyeupe, vifaru vyote rangi ya majivu, bendera hazionekani. Kwa hiyo walikuwa na kanuni yao: kinachokwenda ni changu, kinachowaka moto ni chako. Kilipokuwa kinakwenda huku kinawaka, hapo ndipo chai ilipomwagika.

Lakini Abdalla alikuwa na mtindo mmoja ulioudhi wenziwe. Picha za vita zikianza tu, alihama kwenye kiti, akaenda kupiga magoti mbele ya kioo, pua inakaribia kugusa, akawaziba wote.

"Baba Amin, toka hapo mbele!" Jamleck alimgombeza. "Wewe si dirisha!"

Abdalla hakutoka mpaka ng'ombe walipotokea.

Sasa niwaambie lililokuwa likimkaa mtu huyu moyoni. Mtoto wake wa pekee, Amin, miaka ishirini, alikuwa Kairo, mwaka wa pili wa udaktari. Barua yake ya mwisho ilikuja mwezi wa Agosti: mistari minne, mitatu ya kuomba soksi. Tangu vita vianze, kimya. Abdalla hakula daku wala hakulala, lakini kusema kwamba anaogopa, hilo ulimi wake wote ule ulishindwa. Yeye alimwambia Khamisa kwamba Kairo na vita ni mbali kama Mombasa na Kisumu, kisha akaificha ramani juu ya kabati. Khamisa akajibu, "Alhamdulillahi," na asiulize tena. Abdalla akajipongeza kwamba kamtuliza.

Jumatatu ile ya kwanza Jamleck alimgeukia, sauti imeshuka. "Na kijana yetu? Ameandika?"

Wanjugu alisimama na birika mkononi. Abdalla akaiona ile huruma inamjia kutoka pande zote, na kama kuna kitu mtu yule hakukiweza duniani, ni kuhurumiwa.

"Ameandika!" akasema. "Leo hii nimeipata, ofisini."

"Anasema nini?"

"Anasema wanakula, wanasoma, na Wamisri wameuvuka mfereji kabla ya chai ya saa nne."

Lahaula! Walisahau televisheni. Makochi yalimgeukia yeye. Siku ya pili wakamuuliza kama kuna nyingine, na ikawapo. Siku ya tatu Amin akajua mipango ya vita. Siku ya nne jenerali mmoja alipiga simu bwenini kuuliza hali ya wanafunzi, na Amin ndiye aliyepokea. Kijana ambaye nyumbani hakujua chumvi inawekwa wapi! Na hakuna hata mmoja aliyejiuliza barua zinatokaje kila siku katika nchi iliyofunga viwanja vya ndege. Jamleck akija na Yoshua, Abdalla alimkata palepale: "Wewe una kitabu. Mimi nina mtu."

Alijua mmoja tu, na huyo alinyamaza. Makau alikaa dirisha la simu za maandishi katika posta kuu. Kila siku saa saba, wenziwe wakienda kula, Abdalla na saumu yake alitoka ofisini akatembea mpaka kwenye dirisha hilo.

"Bado?"

"Bado, Baba Amin. Laini ya Kairo haishiki. Na ndege ya barua hakuna."

Jioni Makau huyohuyo alikaa kwenye kochi akisikiliza barua ya siku, anatazama viatu vyake. Hakutia neno. Mungu amlipe, maana wengi wetu tungesema.

Alhamisi mambo yakaharibika. Jamleck alikuwa amechoka kushindwa na barua. Nani asiyechoka? Mtu ana Daudi, ana Yoshua, ana Gideoni, na kila jioni anapigwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kwa hiyo habari zilipokwisha aliinuka, akanyoosha kidole hewani kama yuko kwenye mimbari.

"Ngoja tu! Kairo itaanguka kama Yeriko. Ukuta yote chini! Na wenye wako ndani, wote!"

Abdalla alikuwa bado amepiga magoti. Akageuka polepole. "Wote?"

"Wote!"

Abdalla alivaa kofia yake. "Mzee Jamleck, mimi na wewe basi. Kilichobaki baina yetu ni mkataba ule ukutani." Akatoka, akapita upenyoni bila kutazama, miba ikachana kanzu yake, na kipande akakiacha kikining'inia palepale.

Jamleck alibaki ameduwaa. Wiki nzima wametukaniana majenerali na kucheka, leo amesema nini? Hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa akanuna.

Ikaja Jumapili, saa kumi. Mkataba ni mkataba. Abdalla alitokea, hakusalimu, akashika upande wake. Siku zote walibeba kwa maneno: inua, jiwe hapo, shusha kulia, polepole mama mzaa chema huyu. Leo kimya. Walipofika upenyoni, antena ikanasa kwenye michongoma. Kuitoa kulihitaji mmoja aseme "rudi nyuma" na mwingine aseme "haya". Hakusema mtu. Walisimama ndani ya ua, wamelikumbatia sanduku, miba inawala mikono, jasho linawatoka, kila mmoja anatazama mawingu. Robo saa nzima! Wanjugu alipotoka kumwaga maji ndipo alipowaona.

"Baba Wamucii, rudi nyuma," alimwambia mumewe. "Baba Amin, inama."

Serikali zote mbili zikatii.

Wanawake hao, lazima niseme, hawakuwa na habari na Sinai. Ramadhani nzima Khamisa alipitisha futari upenyoni, mbaazi za nazi leo, kaimati kesho, na sahani zikarudi na nduma au mahindi ya kuchemsha kutoka shamba la Kinoo. Wanaume walipoacha kusemezana, sahani ziliendelea na safari zao. Na ni juu ya sahani hizo, Jumatano iliyofuata, ndipo Wanjugu aliposema bila ubaya wowote, "Mama Amin, hizo barua za kijana zimetufurahisha sana."

"Barua zipi?" alisema Khamisa.

Abdalla aliporudi kutoka kazini siku hiyo alimkuta mlangoni, kanga ameikaza kiunoni. Ukimwona Khamisa hivyo, tafuta pa kwenda.

"Barua za mwanangu ziko wapi?"

"Barua?"

"Usiniulize barua. Woodley nzima wanajua Amin kasema nini, mpaka mke wa Makau anajua, isipokuwa mimi niliyemzaa! Siku kumi na moja nalala natazama dari. Nakuuliza, waniambia Kairo mbali. Kumbe barua unazo umezikalia? Wewe ni mtu au ni nini, Abdalla?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema kweli. Angeisema, hadithi ingekwisha na mimi ningekwenda zangu. Lakini alimtazama yule mwanamke, macho mekundu, akaona kwamba kuna kitu kimoja kilichomsimamisha pale mlangoni, nacho ni kule kudhani kwamba barua zipo. Akakosa ujasiri wa kukiondoa.

"Ziko ofisini," alisema.

"Kesho uje nayo. Moja tu inanitosha. Na usipokuja nayo, usije."

Usiku ule alijigeuza kitandani akihesabu njia. Mwandiko wake Khamisa anaujua. Mashine ya taipu Amin hana. Makarani wa ofisini wana vinywa visivyofunga, na kama kuna anayelisema hilo kwa ujuzi, ni yeye. Alihitaji mtu mwenye mwandiko wa msomi, asiyetangaza siri. Jiji zima la Nairobi alimjua mmoja tu.

Alhamisi, saa sita, aliomba ruhusa akapanda basi la Karen. Jua kali, koo kavu, viatu vya ofisi vimejaa vumbi jekundu, alipita njia baada ya njia akichungulia kwenye nyua za watu, na mbwa wakimpokea kwa zamu. Mwisho alisikia mahali wanapobweka kwa bidii zaidi, akajua Jamleck yuko huko. Alimkuta amechuchumaa kando ya lango, anasoma mita, na kijibwa cheupe kinamzunguka.

Jamleck alipomwona alisimama wima. "Baba Amin, mimi niko kazini. Kama ni vita, ngoja jioni."

"Niandikie barua."

"Barua ya nani?"

"Ya Amin."

"Unataka kuandikia Amin?"

"La. Amin aniandikie mimi."

Jamleck alimtazama akidhani ni saumu. Ndipo Abdalla akamwaga yote, amesimama juani, anaongea na lile lango badala ya mtu. Kwamba barua haijaja tangu Agosti. Kwamba kila siku anakwenda kwa Makau. Kwamba Khamisa amemtaka aje nayo leo.

"Na ile ya mfereji?" aliuliza Jamleck.

"Yangu."

"Na ya jenerali kupiga simu?"

"Hiyo nilizidisha."

Abdalla alingoja kicheko. Hakikuja. Jamleck alikaa chini, juu ya mfuniko wa mita, kitabu cha kazi kikaanguka. Kijibwa kiliona bahati yake kikamkamata suruali, naye hakukifukuza.

"Kwa hivyo," alisema taratibu, "hatujui kama mtoto yetu ako hai."

"Hatujui."

"Na mimi mbele yako nikasema wote." Alivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili. "Uuui, Baba Amin. Ulikuwa unamtafuta. Kila jioni, pua kwa kioo, ulikuwa unatafuta yeye kwa hiyo picha, na mimi nakuambia wewe si dirisha."

Abdalla alitoa mfukoni karatasi nyepesi za buluu, zile za barua za ndege, akampa.

"Mimi ni mzee wa kanisa," Jamleck alisema. "Uongo sijawahi kuandika."

"Usiandike uongo. Andika unavyotaka iwe."

Jamleck alifikiri kidogo. "Kama maombi."

"Kama maombi."

Basi akatoa kalamu yake, akaweka karatasi juu ya kitabu cha mita, na mara ugomvi ukaanza upya.

"Andika tunashinda," alisema Abdalla.

"Hiyo siandiki. Nitaandika ako hai, anakula, amevaa sweta."

"Hata mfereji? Mfereji tulivuka, hata redio imesema!"

"Na sisi tulivuka kurudi ng'ambo yenu! Niandike na hiyo?"

"Sema basi vita ni sare."

"Amin si refa."

Kule ng'ambo mataifa makubwa yalikuwa bado yanakaa vikao. Pale Karen, kwenye mfuniko wa mita, walimaliza kwa nusu saa: Amin hajui lolote la vita, yeye anasoma tu. Baada ya hapo Jamleck hakuhitaji kuambiwa neno. Aliandika ametoa ulimi nje, kurasa tatu. Alimuuliza mama hali ya goti lake. Alisema mayai Kairo yako tele. Alisema anakwenda kulala mapema na hatembei penye watu wengi. Alisema mumsalimie Mama Wamucii, na mumsalimie sana Mzee Jamleck, na katika ukurasa wa tatu akamsalimia tena.

Jioni, baada ya futari, Khamisa alinawa mikono, akaikausha vizuri, akakaa kwenye kiti karibu na taa. Alisoma mwenyewe, kidole kinafuata mistari. Abdalla alikaa mbele yake, mgongo kwa ukuta. Alimwona anatabasamu kwenye mayai. Alimwona anarudi kwenye goti, kidole kikasimama.

Khamisa aliinua macho, akatazama juu ya kichwa cha mumewe. Akairudia barua. Akatazama juu tena.

"Alhamdulillahi," alisema Abdalla, akidhani anamshukuru Mola.

Masikini, hakukumbuka kilichotundikwa pale nyuma yake. Ule mkataba, jamani! Kwenye fremu! Wenye herufi kubwa za mikia! Mwaka mzima Khamisa ameupangusa vumbi kila Ijumaa. Wanaume wawili wazima walikaa juani nusu saa wakibishana juu ya mfereji, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka hilo.

Khamisa aliikunja barua, mkunjo juu ya mkunjo, akaishika mapajani. Abdalla alianza kusikia masikio yanamwaka.

"Kaniuliza goti," alisema Khamisa. "Amin hajui hata kwamba nina goti."

"Vita hukomaza mtu," alisema Abdalla kwa sauti ndogo.

"Hakuna barua hata moja, siyo?"

Abdalla alitikisa kichwa.

Alingoja apigwe na kiti. Khamisa alivuta pumzi, akaiachia. "Mwambie mzee Jamleck mwandiko wake mzuri," alisema. "Na mwambie kesho aandike nyingine."

Akaandika. Siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Barua zilipita upenyoni chini ya kitambaa cha sahani ya nduma. Baada ya futari Khamisa alizisoma kwa sauti, na aliyesikiliza kwa makini kuliko wote ni Jamleck mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kochi la Abdalla, anatikisa kichwa. "Anasema hivyo?" aliuliza. "Huyo kijana ana akili." Na Wanjugu alifuta machoni kwa leso, ingawa asubuhi alikuwa amekaa pembeni ya mwandishi akimkumbusha aandike habari ya blanketi.

Habari za televisheni zikitangazwa, hakuna aliyebisha tena kifaru cha nani. Wote wanne walishuka kwenye mkeka, pua nne kwenye kioo, wanazipitia nyuso za watu wa mbali.

"Yule, mwenye mkoba?"

"Siye. Huyo kichwa kikubwa."

"Na huyo nyuma?"

"Huyo mwanamke, Mzee Jamleck."

Makau alikaa nyuma yao haoni kitu, wala hakulalamika.

Bunduki zikanyamaza, mtangazaji akasema wamekubaliana kusimamisha vita, na kimya cha Amin kikabaki palepale. Hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Vita vikiwako mtu anaweza kulaumu laini ya simu. Jamleck alianza kuishiwa na maneno. Barua ya Ijumaa ilikuwa na mayai tena. Khamisa aliisoma hivyohivyo, akaiweka na zile nyingine chini ya mto.

Jumamosi, karibu saa sita, Makau, ambaye kwa sheria za kazi hakuruhusiwa kuondoka dirishani hata kwa haja, aliondoka dirishani. Alikimbia kutoka posta mpaka ofisi ya Abdalla, akapanda ngazi mbili mbili, akaweka karatasi mezani bila kuweza kuongea, na akakimbia kurudi.

Abdalla hakukumbuka alipanda basi gani. Aliingia nyumbani, akapitiliza mpaka jikoni. Khamisa alikuwa amepiga magoti, mikono imezama kwenye unga wa mahamri. Alimnyooshea karatasi.

Khamisa aliichukua kwa vidole viwili, akaitazama, akaguna. "Mzee Jamleck leo kafanya uvivu gani? Maneno manne tu. Na karatasi ya posta kaitoa wapi, au Makau naye mmemtia?"

Abdalla alifungua kinywa. Mtu huyu alikuwa amezungumza wiki tatu mfululizo, amewasemea majenerali, amemsemea mtoto, hata madereva walio ndani ya chuma amewasemea. Neno moja halikutoka. Akakaa chini sakafuni na suti yake ya ofisi, katikati ya unga, akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mamake.

Khamisa alimtazama. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, alikuwa hajamwona hivyo.

"Yake?" alisema.

Abdalla aliitikia kwa kichwa.

"Yake mwenyewe, Abdalla?"

Akaitikia tena, na Khamisa akapiga ukelele wa kumwita Wanjugu ambao nyumba sita ziliusikia. Walikuja wote wawili, Wanjugu mbele, Jamleck nyuma amepita kwenye miba yenyewe badala ya upenyo, shati limechanika, uso umesawijika kwa hofu. Aliwakuta wameketi chini wameshikana, unga kila mahali, na karatasi imelala katikati. Hakujua ni kheri au ni shari.

"Isome," Khamisa alimwambia. "Mimi macho hayaoni."

Jamleck aliinama akaiokota. Aliisoma moyoni kwanza. Kisha akasimama wima kama anavyosimama kanisani, akakohoa, akaisoma kwa sauti, neno moja moja.

"Mzima. Msalimu mama. Amin."

"Tena," alisema Khamisa.

Akaisoma tena.